Mita Moja na Nusu

Tulitoka Wamunyu saa kumi za usiku,
muthokoi ungali moto ndani ya hotipoti,
Mutheu na Muoki wamelaliana nyuma
kama viazi vya gunia moja.
Mume wangu kashika usukani wa Probox ya kuazima
na hasemi. Tangu Aprili hasemi neno refu.

Aprili mvua ilikuja na hasira zake,
ikala matuta, ikang'oa safu ya mikonge
aliyoipanda marehemu baba yao,
na kulipokucha hakuna aliyejua
shamba la Nzioki linaanzia wapi, letu linaishia wapi.
Mita moja na nusu.
Chifu alikuja na kamba, akaondoka na kamba yake.
Watu walionyonya ziwa moja
wakawa wanapishana njiani kama malori.

Mtito. Voi. Mariakani, tukakata kushoto.
Gede tulizunguka mji usio na mwenyewe:
kisima kikavu, vyoo vya watu wa kale
(wanangu walivipenda kuliko msikiti),
tumbili akamnyang'anya Mutheu ndizi na kibanio cha nywele.
Mume wangu alikipima kizingiti kwa hatua, polepole,
kama anayetafuta jibu la hesabu ya mwingine.

Malindi tulikula viazi karai kando ya soko,
ukwaju ukichuruzika hadi viwikoni.
Vijana wakatupungia: "Chao! Chao, mama!"
Naye, kwa mara ya kwanza tangu Emali, akafungua kinywa:
"Wakya!"
Mmoja akaitikia, "Aa."
Kumbe aliwahi kupika chapati Masii.

Kesho yake, nguzo ya Mreno.
Binti wa zamu, Kadzo, akatueleza:
alikuja na merikebu, akapokewa, akasimamisha jiwe.
"Alama ya mpaka," mume wangu akasema.
"Ya urafiki, ndivyo wanavyosema," Kadzo akajibu,
"lakini jiwe ni jiwe."
Chini yake mwamba umefungwa saruji kama bandeji,
maana bahari inatafuna, haiulizi hati.

Halafu ufukwe.
Miezi sita nimewaahidi wanangu buluu,
ile ya kalenda ya duka la dawa.
Na bahari yenyewe ni chai ya maziwa,
kahawia hadi macho yanapokoma.
Muoki akasimama na boya lake kiunoni, akalia.
"Mama, imechafuka."

Mutheu akachora mchangani kwa kidole gumba cha mguu.
"Si uchafu. Ni Sabaki.
Kwetu ni Athi, ukipita Tsavo ni Galana,
huku ni Sabaki. Mto ni mmoja,
unabadilisha jina kama mtu anayekimbia deni."

Mume wangu akavua viatu. Soksi pia.
Akaingia na suruali ya kanisani hadi magotini,
akateka maji kwa viganja, akayaacha yavuje,
akatazama kilichosalia kwenye mistari ya mkono:
chembe nyekundu, zile zile
ninazozifua kwenye kola zake kila Jumamosi.

Tumechoma mafuta ya elfu nane
kuja kutembelea shamba letu.

Watoto nao wakaingia.
Wakairukia mita moja na nusu,
wakamwagiana vichwani.

Akapiga picha ya maji matupu, bila mtu,
akamtumia Nzioki. Hakuandika kitu.
Tiki mbili.
Kisha zikageuka buluu,
buluu pekee tuliyoiona siku ile.

Tukangoja. Muoki akameza maji, akakohoa, akarudi kuyameza.
Simu ikatetemeka:

*Hiyo ni yako au yangu?*

Mume wangu alicheka hadi akaketi majini,
na suruali yake ya kanisani.